Kitabu Nilichokiongezea Meno

Nimesoma vitabu vya kutisha ishirini na vitatu maishani mwangu. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilipata ishirini na vinne, kisha nikakumbuka kwamba kimoja kilikuwa cha mapishi. Jalada ndilo lililoonekana lina damu, na hiyo damu ilikuwa nyanya. Kati ya hivyo ishirini na vitatu, kilichonitisha ni kimoja tu. Hakikuwa na jalada la maana. Kiliandikwa kwa biki katika daftari la kurasa tisini na sita, kule kijijini kwetu Tulia, na msichana wa darasa la sita ambaye alikuwa rafiki yangu mpaka nilipofika ukurasa wa pili.

Sikuwa na mpango wa kukikumbuka. Mimi ni mtu wa biashara, nanunua vitunguu na matikiti kwa wakulima wa Kibwezi na kuviuza kando ya barabara ya Mombasa, na siku yangu imejaa watu wanaoniapia kwamba tikiti bichi limeiva. Lakini mwezi uliopita tulimzika mama, na wiki iliyofuata nikaachiwa mimi kazi ya kufungua sanduku lake la bati. Kilichotoka kwanza ni harufu ya majivu na kunde. Mama alihifadhi kunde zake kwa majivu zisiliwe na wadudu, na nadhani mwishowe alihifadhi hivyo kila kitu alichokipenda. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, na kwa ile harufu tu nikawa na miaka kumi na miwili.

Tuanze na woga wenyewe, kwa sababu kipindi hicho ulikuwa haupatikani. Mimi na Mwikali tulikuwa tumeambiwa kwamba kuna vitabu ambavyo ukivisoma huwezi kwenda choo peke yako, hata mchana. Kaka yake alisoma shule ya bweni Kitui mjini, naye ndiye aliyeleta habari hiyo nyumbani pamoja na nguo chafu. Tukaiamini yote. Lakini mimi tangu utotoni sipendi kuuziwa kitu bila kukipima, kwa hiyo nikatengeneza kipimo. Kutoka mlango wa jikoni kwetu hadi choo, nyuma ya ua wa minyaa, ilikuwa hatua sitini na moja. Kwenda sitini na moja, kurudi sitini na moja. Mtu akikimbia, hatua hupungua. Basi nikimaliza kitabu naenda choo, narudi, nahesabu. Kitabu chenye woga wa kweli kingenirudisha kwa arobaini.

Vyote vilinirudisha kwa sitini na moja.

Tulivitoa kwa Bi Halima. Familia yake ilikuwa imetoka kaskazini mashariki; mume wake alinunua mbuzi Tseikuru na kuwashusha hadi masoko ya huku kwetu, naye siku ya soko alitandika gunia la mitumba chini ya turubai la bluu. Ndani ya mabelo ya nguo kulijificha vitabu, vimebanwa katikati ya suruali, sijui huko ng'ambo ni nani aliyekuwa akivitupa. Bi Halima hakusoma Kiingereza. Aliviuza kwa unene.

"Hiki kinatisha?" nilimwuliza siku moja.

"Kina picha ya mkono unatoka kaburini. Wataka utishwe vipi tena?"

"Picha si hoja, Bi Halima. Nikikisoma nisiogope, nirudishe?"

"Na nitajuaje hukuogopa? Nikuchungulie moyoni?"

"Nitakuapia."

"Wewe? Wewe juzi uliniapia ile sketi ina tundu ili nikupunguzie, kumbe tundu umelitoboa kwa kidole chako mwenyewe. Nilikuona."

Wauzaji wa jirani wakacheka mpaka mmoja akaketi. Mwishowe tukaelewana: vitabu viwili vilivyokwisha kusomwa kwa kimoja kipya, na kurudisha hakuna. Alinifungia kile cha mkono kwa gazeti kama mtu anayefunga nyama.

Kile cha mkono kilikuwa aibu tupu. Nyumba ina vyumba kumi na viwili, kimoja kina mzuka. Wenye nyumba wanafanya nini? Wanaenda kulala mle mle. Mwikali akafunga kitabu. "Kwani vile kumi na kimoja vina nini?" akauliza. Sisi kwetu tulikuwa watu wanne katika vyumba viwili, na mzuka kama angekuja angepewa mkeka alale na ndugu zangu wadogo, na kabla ya asubuhi angeomba kuhama. Kingine kilikuwa cha Kiswahili, cha jini aliyemfuata mtu kwa njia ya maji. Mto wetu una maji wiki tatu kwa mwaka. Siku zingine ni mchanga, na tunachimba visima humo tukichota kwa kata. Jini huyo angefika Tulia akiwa na kiu kutushinda sisi.

Ndipo likizo ya Agosti kaka yake Mwikali akaja na kitabu cheusi. Kilikuwa kidogo, kimefunikwa karatasi nyeusi, hakina picha hata moja, na habari zilizokizunguka zilikuwa nzito. Ati kijana wa kidato cha tatu alizimia akiwa ukurasa wa themanini, wakampeleka zahanati kitabu kikiwa bado mkononi. Niliposikia hivyo mate yakanijaa.

"Sikopeshi," Mwikali akasema.

Nikampa bei. Nitamfulia yunifomu wiki mbili. Hapana. Biki yangu ya rangi nne. Hapana, rangi ya kijani imeisha. Kukaa naye dawati la mbele wakati wa mtihani, upande ambao anaweza kuona. Hapo alifikiri kidogo, lakini akatikisa kichwa.

"Nataka hadithi," akasema.

Mwikali alikuwa ameanza kuandika kitabu chake mwenyewe. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akaandika jina lake mbele na neno Mtunzi, akalipigia mstari kwa rula. Kurasa tatu za kwanza alikuwa amezijaza mvua. Mvua ilinyesha tu, kurasa tatu nzima, na hakuna mtu Tulia angeiamini. Baada ya hapo alikwama.

"Nipe kitu cha kutisha cha ukweli," akasema. "Si cha vitabu. Cha kwenu."

Na mimi nilikuwa nacho. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, na mtu akiwa na bidhaa moja tu, huwa haulizi ni ya nani.

Ghala letu lilikuwa kibanda cha fito na udongo, kimeinuliwa juu ya mawe saba ili mchwa wasipande. Tuliliita ikumbi, kama kila mtu. Mtu mzima aliweza kuketi ndani akikunja magoti, kati ya kunde na mtama. Kila Jumamosi saa tisa, nguo zikiwa zimeanikwa na mazoezi ya kwaya bado, mama alichukua kikombe cha bati kilichojaa uji, akapanda ghalani, akavuta mlango. Akitoka, kikombe kitupu. Mimi sikujali, nilidhani anapumzika kutoka kwetu, na sikumlaumu. Lakini Jumamosi moja nilirudi mapema kutoka kwa Mwikali, nikapita karibu na yale mawe, nikamsikia mama ndani akizungumza. Sauti yenyewe sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya chini, laini, kama mtu anayeongea na kitu kinachoweza kumwagika.

"Syombua," alikuwa akisema. "Syombua, usilie. Nakunywa sasa hivi. Ngoja kidogo, Syombua."

Syombua ni mimi.

Nilisimama pale juani nikiangalia miguu yangu, kuhakikisha iko nje. Mama alikuwa ndani akinibembeleza, na mimi nilikuwa uani nimeshika ndala mkononi. Sikuchungulia. Ningechungulia tu, sentensi zote zinazofuata zisingekuwapo. Nilitembea hadi choo, nikakaa huko mpaka kwaya ikaanza.

Hicho ndicho nilichompa Mwikali, nyuma ya darasa, kwa sharti kwamba asimwambie mtu. Alisikiliza akiuma kifuniko cha biki.

"Hiyo tu? Kikombe kinaingia na uji kinatoka bila uji? Hata kwetu vikombe hutoka bila uji."

"Lakini aliniita! Na mimi niko nje!"

"Sawa, hapo ni pazuri. Lakini kilicho ndani kikoje? Msomaji atataka kukiona."

Nikaona kitabu cheusi kikirudi kwenye mkoba wake. Nikafanya vile ninavyofanya hadi leo mteja akigeuza mgongo.

"Kina meno," nikasema.

"Mangapi?"

"Thelathini na mawili. Nimehesabu mara mbili."

"Kitu kidogo cha kutosha ghalani, na meno yote hayo?"

"Ndiyo maana kinatisha. Kinatafuna ukingo wa kikombe. Alama ziko, njoo uzione." Kikombe chetu kilikuwa na alama kweli, kwa sababu ndugu yangu mdogo alikitumia kupigia misumari.

Mwikali akanipa kitabu. Nilikisoma siku mbili, nikaufikia ukurasa wa themanini nikiwa nimeketi chini kabisa ili nikizimia nisianguke mbali. Mzuka alikuwa ni mtunza bustani aliyejifunika shuka kwa sababu ya urithi. Hatua sitini na moja. Yule kijana wa kidato cha tatu, nadhani alikuwa hajala.

Muhula uliofuata daftari la Mwikali likaanza kuzunguka darasani. Lilikuwa na foleni, majina yameandikwa nyuma, na la kwangu lilikuwa la tisa. Wasichana waliolimaliza walikuwa wakienda choo watatu watatu. Mwikali mwenyewe hakunionyesha, nami nikadhani anaona haya kwa sababu ya mvua.

Mvua ilikuwa imeondolewa. Ukurasa wa pili kulikuwa na ghala juu ya mawe saba. Kulikuwa na choo nyuma ya minyaa, hatua sitini na moja. Kulikuwa na mama mwenye kalamu ya risasi kwenye kilemba, na hapo nikafunga daftari, nikalifungua tena, kwa sababu Tulia nzima kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyetembea hivyo. Mama alikuwa katibu wa akina mama kanisani. Kalamu yake aliichomeka kwenye kilemba kama wengine wanavyovaa ua, na kosa likipita mbele yake, liwe kwenye mahesabu ya mchango au kwenye insha yangu, lilisahihishwa hapo hapo pembeni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

Jina tu ndilo Mwikali alilobadilisha. Msichana wake aliitwa Mwende. Meno yalikuwapo yote thelathini na mawili, yakitafuna ukingo wa kikombe, kri, kri, kri. Niliposoma hapo, nitasema ukweli, nilijivunia kidogo. Lakini mwisho ulikuwa wa Mwikali mwenyewe, na huo sikumpa mimi. Mama anatoka ghalani na kikombe kitupu, anamwona Mwende amesimama uani, anapiga mayowe. Kwa sababu Mwende yuko ghalani. Mwende amekuwa ghalani tangu azaliwe. Na huyu wa uani? Huyu wa uani anajaribu kukumbuka siku moja ambayo mama yake alimbembeleza kwa ile sauti. Anakumbuka, anakumbuka. Hapati hata moja. Basi, imeandikwa Mwisho, na mstari wa rula.

Nilienda choo kwa hatua sitini na moja. Nilirudi kwa thelathini na nne. Siku hiyo nilihesabu mara moja tu.

Kwa wiki nzima nilimwangalia mama akikoroga, akipembua, akinifokea kwa sababu ya ndala, nikitafuta ile sauti ya ghalani. Kwangu haikuja. Nilitafuta picha yangu ya utotoni ndani ya nyumba, nikakosa, na sikukumbuka kwamba hakuna mtu yeyote wa nyumba ile aliyekuwa na picha ya utotoni. Na Mwikali nikamchukia kwa namna ambayo sikujua ninayo. Nilimpa siri akaifanya ya watu thelathini na wanane. Hilo ni darasa zima, na msichana mmoja wa darasa la tano aliyejipenyeza kwenye foleni.

Daftari lilikamatwa katika somo la hesabu. Aliyelikamata, Mwalimu Muthui, alikuwa mwalimu wetu siku tano za wiki na mzee wa kanisa siku ya Jumapili. Alilipeleka nyumbani kwake akalisoma lote. Naye pia alimjua mwanamke mwenye kalamu kwenye kilemba.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, wazee watatu na mwenyekiti wa akina mama. Mama alitoa viti vyote, akaazima kimoja. Mimi nilitumwa jikoni kuchemsha chai, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito, sauti inapita kama moshi.

"Mama Syombua," Mwalimu Muthui akaanza, "tumekuja kwa upole."

"Karibuni."

"Kuna maneno yanasemwa na watoto. Tungependa tuyasikie kwako. Ni kweli kuna kitu unapeleka ghalani?"

"Uji," mama akasema.

"Unampelekea nani?"

Mzee wa pili akasogeza kiti. "Ni aimu?" akauliza. Hilo ndilo neno letu la roho za wafu, na kanisani kwetu halikutajwa bila kukemewa. Maji yalianza kuchemka, nikayaacha.

"Uji naunywa mimi mwenyewe," mama akasema. "Nilikuwa nikiunywa hapo wakati namnyonyesha, ili maziwa yaje. Mle ndani kulikuwa na ubaridi. Baadaye nikaendelea tu."

"Ukimnyonyesha nani?"

"Syombua."

"Si Syombua ni huyu yuko jikoni?"

"Huyo ni wa pili."

Nikasikia mwenyekiti wa akina mama akisema "Ai, mwaitu," yaani mama yangu, polepole, kama mtu aliyejichoma. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na bibi yangu mzaa baba alikuwa Syombua. Mtoto akienda, jina haliendi naye, kwa sababu bibi bado anadai kuitwa. Linamngoja binti atakayefuata. Mtoto aliyekufa mchanga naye hasemwi tena, si kwa ubaya. Watu hufunga mdomo ili mama aweze kuendelea. Kila mtu mzima pale Tulia alimjua yule wa kwanza. Maisha yangu yote nilikuwa nikidhani jina la Mama Syombua, mama alilipata kwangu.

"Tunaelewa uchungu," Mwalimu Muthui akasema, na nadhani alielewa kweli, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini katibu wa kanisa kuzungumza na aliyekufa, na watoto wanajua, na wameandika..."

"Nimesikia," mama akasema.

Alivuliwa ukatibu. Akawekwa benchi la nyuma, bila kwaya na bila meza ya Bwana, mpaka mwaka uishe. Na ghala likaamuliwa libomolewe, lijengwe lingine mahali pengine. Wakaomba, wakanywa chai yangu iliyokuwa imeungua, wakaenda.

Wanaume sita wa kanisa walikuja Jumatano kulibomoa. Walifanya bure, kwa moyo safi, wakiimba. Mama aliwapikia uji, kwa sababu watu wakija kufanya kazi kwako huwaachi njaa. Vikombe sita. Nilivihesabu vikienda vimejaa, nikavihesabu vikirudi vitupu, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kile chenye alama ukingoni. Mama alisimama mlangoni akiangalia mpaka yakabaki mawe saba, kisha akayaangalia mawe.

Jioni hiyo aliniuliza. Alikuwa anachagua kunde kwenye ungo, hakuinua uso.

"Huyu Mwikali alijulia wapi mambo ya ghalani?"

"Sijui, mwaitu. Labda alichungulia."

Ndipo akainua uso. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia mizani anayojua imechezewa. Kisha akanunua hivyo hivyo. "Labda," akasema, akarudi kwa kunde.

Mwikali alichapwa mbele ya shule, na baba yake akamwongezea nyumbani kwa kosa la kuchungulia ghala la watu. Hakukana. Tulikutana mtoni siku chache baadaye, kila mtu na mtungi wake wa plastiki, katika kisima kimoja cha mchanga kwa sababu vingine vilikuwa vimekauka.

"Tulikubaliana usimwambie mtu," nikamwambia.

"Sikumwambia mtu. Niliandika."

"Hiyo ilikuwa siri ya mama yangu!"

"Sasa ndiyo imekuwa ya mama yako? Wakati wa kuuza uliniambia ni mzuka." Alikuwa anachota bila kuniangalia. Mikono yake ilikuwa na mistari ya fimbo. "Na kitabu cha kaka yangu bado unacho."

Sikukirudisha. Niliona huo ndio mshahara wa msaliti. Hatukuongea tena mpaka tulipomaliza shule, na baada ya hapo dunia ikatusaidia kutoongea. Mimi nikaja huku Kibwezi, yeye akafungua duka la madaftari na kalamu Kitui. Hadithi ya usaliti wake nimeisimulia mara nyingi. Nimemsimulia mume wangu, nimewasimulia wateja tukingoja lori, na kila mara naianzia kwenye ukurasa wa pili wa lile daftari, palipo na mawe saba. Inakuwa hadithi nzuri ukianzia hapo. Watu hutikisa vichwa, wanasema marafiki si watu. Vitabu vilivyobaki kati ya vile ishirini na viwili nilivisoma, kimoja baada ya kingine, nikitafuta kitakachonirudisha kwa hatua thelathini na nne, na nikivitupa nilikuwa nikisema kimoyomoyo, hata Mwikali, pamoja na ubaya wake, alikuwa anajua kazi kuliko huyu.

Mazikoni alikuja. Amenenepa, anavaa miwani, alibeba sukari na majani ya chai kama watu wote. Alisaidia kuosha vyombo, kisha akaja kuketi karibu nami kwenye benchi, muda mrefu kuliko nilivyompangia.

"Bado umenikasirikia, Syo?"

"Kidogo."

"Miaka yote hii?"

"Wewe ulimwanika mama yangu, Mwikali. Akakaa benchi la nyuma kwa sababu yako. Hakuingia tena mahali popote na kikombe cha uji, alikunywa amesimama kama askari. Mimi nilikuwa nakuamini."

Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. "Nilichapwa kwa kuchungulia," akasema. "Wewe unajua sikuchungulia. Nilingoja useme. Nilingoja sana." Kisha akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Na hata wazee wasingekuja, unajua. Mwalimu Muthui aliniambia baadaye, nikiwa mkubwa. Mama kunywa uji ghalani, kuongea peke yake, hayo angeyanyamazia. Kilichomtisha ni yale meno. Alidhani kuna kitu kweli mle ndani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, Syo. Ningeyatoa wapi meno?"

Nilikuwa na jibu. Huwa nina jibu siku zote. Nikaangalia kaburi jipya, udongo wake mwekundu bado haujashuka.

Wiki iliyofuata ndipo nikafungua sanduku. Chini ya harufu kulikuwa na leso mbili, kitabu cha nyimbo, kikombe cha bati chenye alama ukingoni, na kadi ya kliniki ya mtoto, imekunjwa mara nne, yenye jina langu na siku ya kuzaliwa ambayo si yangu. Chini kabisa kulikuwa na daftari la kurasa tisini na sita. Mtunzi, na mstari wa rula. Sijui Mwalimu Muthui alimpa mama lini, au kama aliliomba mwenyewe. Sikuwahi kujua kwamba mama alilisoma.

Alilisoma. Alilisoma kama alivyosoma kila kitu, na kalamu mkononi. Aliweka nukta palipokosa nukta. Palipoandikwa mawe saba alipiga alama ya vema. Pale Mwende wa uani anapojaribu kukumbuka kubembelezwa, karatasi imekuwa laini, imeguswa sana, lakini hakuna aliloandika. Nikafungua kule kwenye meno. Yalikuwa yote, thelathini na mawili, yakitafuna kikombe, kri, kri, kri, kama nilivyoyauza. Alikuwa amepiga mstari chini yake, mstari mmoja usiotetemeka, na pembeni, kwa kalamu ya risasi, kwa ule mwandiko mdogo ulionyooka, amesahihisha.

Hakuwa na meno. Alikuwa na miezi minne.

Nilihesabu maneno. Saba. Nikahesabu tena.